Jina lilifunikwa kwa wino, mwandiko ukamtaja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama wa miaka hamsini na sita ameinama juu ya karai la bati nyuma ya nyumba yake ya vyumba viwili. Anasuuza shati jeupe la mtoto wa shule. Analikamua, analitundika begani, lakini maji hayamwagi. Anayatazama.

Maji ni safi. Hata hivyo anayamwaga, anachota mengine, anasuuza tena na kutazama tena.

"Mazoea tu," anasema, kama mtu anayeomba radhi. "Kule maji ya kwanza yalikuwa yanatoka kama uji wa majivu. Ya pili yanapungua. Ya tatu ndiyo naanza kuona mkono wangu. Nilikuwa siachi mpaka nihesabu vidole vyote vitano chini ya maji."

Kule ni kiwandani, ambako betri kuukuu za magari huvunjwa na kuyeyushwa ili kupata madini ya risasi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa dobi wa kiwanda hicho, akifua ovaroli za wanaume mia mbili na kumi na wanne. Wao ndio waliompa jina analojulikana nalo hadi leo: Mama Namba.

Sasa huu ni mwezi wa nne hana kazi hiyo. Ndani, juu ya kabati la vyombo, chini ya sahani iliyofunikwa ili upepo usiichukue, kuna karatasi inayosubiri saini yake. Ni ya kufuta malalamiko aliyoyapeleka serikalini dhidi ya kiwanda. Akisaini, kesi ya kashfa anayotishiwa nayo itakwisha, na mkwewe atabaki kazini. Asiposaini, karatasi haisemi kitakachotokea, ila nyumba nzima inakijua.

Leo ni Jumatano. Ana mpaka keshokutwa, Ijumaa, saa sita mchana.

Siku njema ya sasa humwingizia robo ya alichokuwa akipata kiwandani. Wateja wake ni walimu wawili wa shule ya karibu, fundi wa baiskeli, na jirani wa ukuta wa pili, mjane anayeishi peke yake, ambaye kila Jumatano humletea furushi.

"Hizi nguo ni safi," Mama Namba anasema kwa sauti ya chini, akilifungua furushi lenyewe. Anaonyesha gauni ambalo bado lina alama za pasi. "Anazitoa kabatini, ananiletea. Nami nazifua. Nimwambie nini? Nikimwambia nimejua, ataona haya, na wiki ijayo hatakuja."

Analitumbukiza gauni majini, taratibu, kama lina matope.

Jina la Mama Namba lilitoka kwenye kola. Kila mfanyakazi wa kiwanda ana namba yake, na zamani namba hizo zilishonwa kwa vitambaa vilivyobanduka kila vilipoguswa na maji ya moto. Yeye akaamua kuziandika mwenyewe, ndani ya kola, kwa wino usiofutika. Nne yake ilikuwa wazi juu kama kikombe. Saba yake ilikuwa na mkanda kiunoni.

Hakuishia kwenye namba. Akikuta mfuko umetoboka aliushona, kisha akaacha kikaratasi ndani yake: "Nimeshona. Usibebe misumari humu." Kwa mmoja aliyekuwa karibu kuoa aliandika: "Kifungo cha tatu hakikuwepo, nimeweka changu. Bwana harusi hatembei kifua wazi." Wanaume walivisoma kwa sauti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakacheka, wakavibandika ukutani.

"Ikafika mahali wanatoboa mifuko makusudi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Watu wazima, wenye wake zao. Wanataka barua."

Mambo yalibadilika mwaka juzi. Uongozi ulizima mtambo wa maji ya moto, ukapunguza sabuni, na kubandika tangazo kwamba kila mfanyakazi atafua ovaroli yake nyumbani. Mama Namba alibakizwa afue makoti ya maofisa na mapazia.

Alikwenda kwa bwana utumishi, ofisa anayesimamia wafanyakazi, akamweleza kwamba vumbi lile si la kupeleka nyumbani. Jibu lake analikumbuka: "Mama, vumbi ni vumbi. Hata kwangu lipo."

Basi vumbi likaenda nyumbani. Wake wa wafanyakazi walifua ovaroli kwenye karai lile lile la nepi. Mkwewe Mama Namba, fundi wa tanuri, alirudi nayo mwilini kila siku, na binti yake wa miaka minne akawa anamkimbilia mlangoni na kumkumbatia magoti.

"Mjukuu wangu alikuwa anahesabu mpaka ishirini," anasema. "Nilimfundisha mimi, kwa vibanio vya nguo. Kisha siku moja akafika sita, akasimama. Ananitazama. Anajua kuna kitu kinafuata, ila hakioni."

Muuguzi wa zahanati ya jirani aliwapima damu watoto kumi na mmoja wa mafundi wa tanuri. Tisa walikutwa na madini ya risasi kupita kiwango. Aliwaambia wazazi kwamba vumbi likikoma sumu itapungua, lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi chote.

Muuguzi huyo ndiye aliyempa Mama Namba kijitabu. Kina kurasa thelathini na mbili, na ni mwongozo wa serikali wa kuwalinda watetezi wa haki za binadamu wasilipiziwe kisasi na makampuni wanayoyalalamikia.

"Nilimrudishia," anasema. "Nikamwambia, binti yangu, hiki si changu. Mtetezi wa haki za binadamu ni mtu wa tai na mkoba. Mimi dobi. Akanifungulia ukurasa wa nne: mtetezi ni mtu yeyote. Nikasema haya, kama ni yeyote, basi hata mimi nimo."

Alikisoma kwa siku tatu, wakati wa mapumziko ya mchana, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukurasa wa tisa ulisema utambulisho wa mlalamikaji utafichwa. Ukurasa wa kumi na nne ulisema nakala ya malalamiko itapelekwa kwa kampuni, nayo itajibu ndani ya siku kumi na nne. Ukurasa wa kumi na saba uliikataza kampuni kumfukuza mtu, kumtisha wala kumshitaki kwa sababu amelalamika.

Vibanda vya kuchapa barua viko vitatu mtaani, vyote karibu na geti la kiwanda. Aliogopa kwamba mchapaji ataisoma kabla ya serikali. Akanunua daftari.

"Nikaona niandike kwa mkono wangu, ili siri isitoke nyumbani," anasema.

Ziliisha kurasa sita, mistari imenyooka, ndani yake umri wa kila mtoto na kipimo chake cha damu. Akina mama wa wale watoto wengine wanane hawakutaka kuweka saini. Waume zao wako kazini. Hakuwalaumu wakati ule, na mpaka leo hasemi neno baya juu yao.

Ofisi ya malalamiko ilifanya kila kilichoandikwa kwenye mwongozo. Karani wa masjala, binti wa miaka ishirini na tano, alichukua kalamu nene nyeusi akafunika jina, anwani, saini, hata yale maneno "mjukuu wangu" kila yalipojitokeza. Akakagua ukurasa kwa ukurasa, mara mbili. Kisha akatoa nakala na kuituma kiwandani.

Hakuna ukurasa uliosema barua ichapwe upya.

Siku ya tatu bwana utumishi alimwita. Mama Namba anasimulia kwamba mezani palikuwa na vitu viwili tu. Kimoja ni nakala ya barua yenye mistari minene myeusi. Cha pili ni kikaratasi kilichobanduliwa kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo, gundi bado iko pembeni.

"Mama Namba," bwana utumishi alisema. "Soma."

"Nisome kipi?"

"Chochote. Mwandiko ni mmoja."

Alizitazama nne zake zilizo wazi juu, huku na huku. Anasema alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Hakufoka," anaeleza. "Hilo ndilo lililoniumiza. Alinivutia kiti. Akaniambia, mama, sisi wewe tulikuona mzazi wetu. Nikamjibu, basi mwanangu, mzazi akiona watoto wanaumwa anyamaze?"

Kufika adhuhuri alikuwa nje ya geti na barua ya kupunguzwa kazi. Mlinzi alikuwa ameamriwa ampekue. "Alifungua mkoba wangu akaufunga bila kutazama ndani. Akasema kwa sauti, nimeshapekua. Kisha akanibebea ndoo yangu mpaka barabarani. Huyo mlinzi ana watoto watano, na angeweza kufukuzwa kwa ajili ya ile ndoo."

Msemaji wa kiwanda ameliambia gazeti hili kwamba mama huyo aliondolewa katika zoezi la kawaida la kupunguza wafanyakazi, na kwamba afya ya wafanyakazi na familia zao hupewa kipaumbele. Alipoulizwa ni wafanyakazi wangapi walipunguzwa siku hiyo, alisema hana takwimu karibu.

Afisa wa kitengo cha malalamiko anasema utaratibu ulifuatwa kikamilifu. "Jina halikuonekana mahali popote," anasisitiza. Naye aliomba jina lake lisitajwe.

Yaliyofuata yalikuja kidogo kidogo. Kwanza ilikuja barua ya mawakili, ikidai kwamba Mama Namba amelichafua jina la kampuni. Kisha nyumba mbili za wageni zilizokuwa zikitafuta dobi zilimkubali leo na kumkataa kesho yake. Wake wa wafanyakazi aliowajua miaka mingi wakaanza kupita njia ya juu ili wasikutane naye. Mkwewe akahamishwa kutoka kwenye tanuri, akapelekwa kunakovunjwa betri, ambako vumbi ni zaidi.

Halafu iko kadi. Vipimo na dawa za mtoto hulipiwa na kadi ya bima ya baba yake, na kadi hiyo inatoka kiwandani.

"Aliyemwumiza ndiye anayemnunulia dawa," Mama Namba anasema. "Nikiubana mkono unaoumiza, ule unaotoa dawa nao unafungwa."

Si wote waliomkimbia. Mwezi uliopita alibisha hodi msichana asiyemjua, ameshika mche wa sabuni uliofungwa kwenye gazeti. Alikuwa karani wa masjala. Alikuwa amepanda mabasi mawili, siku yake ya mapumziko, kuja kuomba msamaha.

"Alilia mpaka nikaogopa," Mama Namba anakumbuka. "Nikamwambia, mwanangu, jina ulilifunika vizuri kabisa, hata mimi mwenyewe nisingelijua. Mwenye kosa ni mwalimu wangu aliyenichapa mpaka nikaandika vizuri. Akacheka huku analia. Nikampa chai."

Kabla ya kuondoka, karani alimweleza jambo ambalo kijitabu hakilisemi waziwazi. Faili lenye mlalamikaji mmoja hufungwa kwa saini yake peke yake, na jopo la wizara linaloketi Jumatatu hii halitalisoma. Wakiwa wawili, halifungwi mpaka wote wawili wakubali.

Saa tisa mchana mtu anabisha hodi kwenye lango la mabati. Ni mkwe, mwanaume mrefu wa miaka thelathini na mitatu, uso umepauka kwa vumbi.

"Karibu, baba," Mama Namba anamwambia, bila kusogea karibu.

Haketi. Anapitiliza mpaka kwenye bafu la mabati, ambako nguo safi zimeshatundikwa zikimngoja. Anaoga, anabadilisha, anatoka na ovaroli ndani ya mfuko. Mama Namba anavaa glavu, anaitia kwenye karai jekundu lililotengwa pembeni ya ua. Hivyo ndivyo wanavyofanya kila siku kwa miezi mitano sasa, ili vumbi lisimfikie mtoto. Mtoto mwenyewe haruhusiwi kukanyaga uani kwa bibi yake. Bibi ndiye huenda kumwona, akishaoga.

"Mwanzoni alikuwa anaona haya," anasema Mama Namba, mkwe akiwa amesimama pale pale. "Mama mkwe akufulie nguo! Alikuwa anaificha kwapani kama mwizi wa kuku. Nikamwambia, nimefua za wanaume mia mbili na kumi na wanne, na kila mmoja wao ni mkwe wa mtu."

Mkwe anatabasamu akitazama chini. Anakaa kwenye kigoda, anatoa bahasha.

"Wamenipa nyingine," anasema. "Wanasema labda ile ya kwanza imepotea."

"Haijapotea. Iko chini ya sahani."

"Nimetumwa nikuombe usaini, mama."

"Nimesikia."

"Basi nimeshaomba." Anaiweka bahasha chini, kando ya mguu wake. "Sasa naomba maji ya kunywa."

Mama Namba anamletea. Anakunywa kikombe chote, anakishika mikononi kikiwa kitupu.

"Kliniki ya mtoto ni tarehe ishirini na mbili," anasema. "Na nyingine mwezi ujao. Kama kadi itakuwepo."

"Na isipokuwepo?"

"Tutampeleka tukaombe, kama wanavyoomba wengine." Anajifuta mdomo. "Sikutishi, mama. Nakutajia tarehe tu."

"Najua, baba."

"Mwenzangu anasema usisaini."

"Hayo ni ya binti yangu. Wewe unasemaje?"

Anageuza kikombe mkononi. Mama Namba anaendelea kukunja nguo za mjane, moja baada ya nyingine.

"Jana alifika saba," mkwe anasema mwishowe. "Baada ya saba akasita, akaruka, akasema kumi na mbili. Lakini saba aliifika."

Anainuka, anaaga, anaondoka. Bahasha inabaki pale chini.

Ijumaa ilipofika, Mama Namba alikuwa akianika shuka za fundi baiskeli. Anasema alisikia king'ora cha mapumziko ya mchana kutoka kiwandani, akasimama mpaka kikakoma. Kisha alizichukua karatasi zote mbili, akazitia kwenye bahasha moja, bila saini, akaenda nayo kwa miguu hadi getini. Mlinzi yule yule aliipokea kwa mikono miwili.

"Niliogopa," anakiri. "Sitaki mtu aandike kwamba sikuogopa. Nilikaa kwenye jiwe njiani mara mbili."

Jumamosi asubuhi mkwewe alikabidhiwa barua. Imeandikwa kwa maneno yale yale ya barua ya mama mkwe wake, tarehe tu ndiyo imebadilika. Aliyepunguzwa ni yeye peke yake. Kadi ya bima itafanya kazi hadi mwisho wa mwezi. Kliniki ya tarehe ishirini na mbili itawahi. Ile ya mwezi ujao haitawahi.

Jumapili saa tisa alibisha hodi kama kawaida, ingawa hakuwa na cha kubadilisha. Mama Namba alikuwa ameshatundika nguo safi bafuni. Walitazamana, wakacheka kwa aibu, kisha hakuna aliyecheka tena.

Mkwe alikuwa na karatasi mfukoni. Ilikuwa imechapwa, kwenye kibanda cha mtaa wa tatu, mbali na kiwanda. Ilieleza kwamba yeye, baba wa mtoto wa miaka minne, anaungana na mlalamikaji wa kwanza. Jina lake liliandikwa lote, bila kufichwa. Aliisoma kwa sauti hadi mwisho, naye mama mkwe wake alimsikiliza akiwa amesimama, mkono mdomoni.

"Ungeniambia Jumatano," alimwambia.

"Jumatano nilikuwa na kazi, mama."

Wakili wa msaada wa kisheria anayewasaidia bila malipo hawapi matumaini ya bure. Amewaambia kwamba ukurasa wa kumi na saba unakataza kisasi lakini hausemi nani ataadhibiwa, na kwamba hati ya kesi ya kashfa inaweza kufika wiki hii hii. Nyumba ya vyumba viwili ndiyo mali pekee ambayo Mama Namba anayo. Wakili huyo ataongozana nao Jumatatu saa tatu asubuhi, jopo litakapoketi. Karani wa masjala ameahidi kuwa mlangoni, wasije wakapotea kwenye ngazi.

Alipoulizwa atawaambia nini wakubwa hao, Mama Namba alifuta mikono kwenye kanga yake, akafikiri.

"Kwanza nitawaomba waongeze mstari mmoja kwenye kijitabu chao. Barua ya mtu ichapwe upya kabla haijatoka ofisini. Siwafundishi kazi, ni mstari mmoja tu. Pili, wale watoto tisa watibiwe, baba zao wawe kazini wasiwe kazini. Tatu, kile chumba cha kufulia kifunguliwe. Maji ya moto, sabuni ya kutosha, wanaume watoke getini na nguo zao za nyumbani. Hata wakimweka dobi mwingine sina neno. Mimi nitakwenda siku mbili nimwelekeze, wala wasinilipe."